Kazi ya Rafiki katika Kuueneza Ushairi

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya sokoni huenda neno hili likawa kweli, lakini historia ya diwani za Mvita yalikataa. Tungo nyingi zilizo njema hazikujiuza, zilitembezwa. Pana mtu aliyelipata shairi la mwenziwe, akaona kuwa lina maana, akawapelekea wengine. Mtu huyu si mtunzi wala si mchapaji. Ni msomaji ambaye hakuridhika kusoma peke yake, na wahakiki, ambao huwatazama mtunzi na hadhira yake tu, aghalabu humsahau. Yafaa kazi yake nayo ipimwe.

Mfano wa kwanza ni wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalitungwa ili yasikike: ya mapenzi, ya urafiki, na ya majibizano yaliyotokana na ugomvi baina ya Mombasa ya Wamazrui na Sayyid Said, aliyeutwaa mji huo mwaka 1837. Mtunzi hakuacha kitabu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa mji huo huo na mshairi vile vile, ndiye aliyeyakusanya, akampa Bwana W. E. Taylor, tena akamfasiria. Mwalimu alifariki mwaka 1890. Diwani ilichapwa Johannesburg mwaka 1940 kwa uhariri wa Bwana William Hichens, na mwaka 1979 Bwana Mohamed H. Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mrefu juu ya mtunzi huyo.

Katika kazi ya Mwalimu Sikujua, maelezo yana thamani isiyopungua ile ya mashairi yenyewe. Shairi la majibizano lisilojulikana sababu yake ni kama jibu lililopotelewa na swali: maneno yake yasomeka, ila makali yake hayasikiki. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza jambo moja. Tungo hizi zilipita katika kumbukumbu za watu kwa muda wa karibu nusu karne, na kumbukumbu ni chekeche. Msomaji anaposifu jinsi Muyaka asivyotetereka, hana hakika kama asifu ustadi wa mtunzi peke yake, au pia uteuzi wa waliomkumbuka. Yaliyo hafifu huenda yalisahauliwa. Kwa hiyo mwenye kueneza huacha alama ya mkono wake, hata asipoongeza neno.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao ni wa urafiki wa watu wa zama moja. Mwaka 1966 mashairi ya Ahmad Nassir bin Juma Bhalo yalichapwa Madison, nchini Marekani, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Bwana Lyndon Harries. Kazi hiyo ilikuwa na faida yake, lakini ilielekea kwa msomaji wa mbali. Miaka 5 baadaye, katika mwaka 1971, Shihabuddin Chiraghdin alihariri diwani ya malenga huyo iitwayo Malenga wa Mvita, naye akaielekeza kwa wasemaji wenyewe wa Kiswahili. Hapa ndipo ionekanapo tofauti baina ya mfasiri wa nje na rafiki wa ndani. Wa kwanza humwambia msomaji shairi lasema nini. Wa pili humwonyesha kwa nini limesemwa hivyo, kwa lahaja ile, na kwa neno lile badala ya jingine.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, ndugu yake Ahmad Nassir. Mtunzi alifungwa miaka 3, mpaka mwaka 1972, kwa ajili ya waraka wake uitwao Kenya: Twendapi? Mashairi hayo aliyaandika gerezani juu ya karatasi za msalani, nayo yakatolewa nje kwa siri. Kitabu kilichapwa mwaka 1973 kikiwa na utangulizi wa Chiraghdin, na mwaka 1974 kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Tuzo ni jambo la baadaye. Aliyeweka jina lake mbele ya maneno ya mfungwa hakujua kwamba litakuja. Alijua tu kwamba maneno yale yana haki ya kusomwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Lakini urafiki una hatari yake. Sahibu huona haya kumwambia sahibuye kwamba ubeti umelegea, au kwamba kina kimeburutwa ili kitimie. Msomaji akidanganywa mara moja na sifa za upendo, mara ya pili hasadiki, na hasara humfika mtunzi mwingine aliyestahili kweli. Basi mwenye kueneza ana kazi tatu: kuchagua, kufasiri, na kutoficha udhaifu. Akiacha ya kwanza, huwa mpiga debe. Akiacha ya pili, huwa mchukuzi. Akiacha ya tatu, huwa msifu kwa malipo ya mapenzi.

Chiraghdin alifariki mwaka 1976, na Historia ya Kiswahili, aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala, ikatoka mwaka 1977, wote wawili wakiwa wamekwisha kuondoka duniani. Kazi ile nayo ilihitaji mikono ya waliobaki. Shairi lililomo daftarini nyumbani kwa mtu halijawa fasihi ya watu, hata liwe zuri vipi. Lamngojea mmoja alisome, alipende kwa akili, kisha alitoe nje ya mlango.