Mninga wa Brashi

Alizeti ikishauzwa, Kinyangiri, mkoani Singida, huingia msimu wa mafundi. Huyu anaezeka, yule anapiga lipu, na kwenye nyumba za watumishi na wafanyabiashara ipo kazi ndogo ambayo haisemwi sana: kulivua kabati kuukuu la jikoni rangi yake na kulipa sura ya mninga. Kabati lenyewe ni la paina, pengine iliyotoka Sao Hill kule Mufindi, au la MDF. Mninga wa kweli hukua taratibu mno katika miombo ya Tabora na kwingineko, kuukata kunataka kibali, na ubao wake una bei. Basi watu wanauchora.

Wapo watakaonuna. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu usanifu wa majengo, aliihesabu mbao ya kuchorwa kuwa uongo. Miaka miwili baadaye, kwenye Maonyesho Makuu ya London, fundi rangi Thomas Kershaw alitunukiwa medali kwa kuiga mbao na marumaru kwa brashi. Mimi niko na Kershaw. Anayeuza paina kwa bei ya mninga ni tapeli, hilo halina mjadala. Lakini mama aliyelipamba kabati lake mwenyewe amemdanganya nani?

Kazi huanza na sabuni, maana moshi na mafuta ya kupikia vikishaganda mlangoni rangi haishiki. Inafuata msasa, kisha puti kwenye maungio, ambayo kiangazi cha Singida huyaachanisha kwa kukausha mbao. Rangi ya chini huwa angavu kuliko unavyotarajia. Mwenye kabati akiiona siku hiyo hushika kiuno. Fundi hajali, anajua kila kitakachokuja juu yake kitaitia giza. Ikikauka, anapitisha kahawia iliyokolea, aliyoizimua kwa tapentaini mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi.

Hapo ana dakika chache tu. Anaburuta brashi kavu toka mwanzo wa ubao hadi mwisho bila kusita, halafu kipande cha mpira alichokikata meno. Kifundo anakizungusha kwa kidole kilichoviringishwa kitambaa, na mistari inapinda kukizunguka pande zote mbili, kwa sababu katika mti wa kweli shina huendelea kunenepa likilizunguka tawi. Asiyewahi kuutazama ubao vizuri hujulikana hapo hapo: vifundo vyake vinaelea.

Ninachokipenda zaidi ni pembe za mlango. Mlango wa kabati una mbao za kulala na mbao za kusimama, na mistari hufuata urefu wa kila ubao, haikati kona. Fundi mzuri huchora kwanza zile za kulala, akasubiri zikauke, akabandika utepe wa karatasi kwenye maungio, ndipo akachora za kusimama. Utepe ukibanduliwa unabaki mkato mwembamba, na jicho linaamini kwamba seremala alipita hapo na patasi. Stika za dukani zenye picha ya mbao humaliza jikoni zima mchana mmoja, lakini kifundo kilekile kinajirudia, na mlango wa tatu ni pacha wa kwanza.

Bafuni ni habari nyingine. MDF na chipubodi hunywa maji kwa kingo kuliko kwa uso. Mvivu atapaka uso mara tatu na kuuacha ukingo wa chini mtupu, kwa kuwa hakuna atakayeinama kuukagua. Ukingo huo ndio utakaovimba. Nimemwona fundi aking'oa milango yote ya kabati la chini ya sinki, akaisimamisha kichwa chini na kuanza na sehemu hiyo, kabla hata hajaigusa ile itakayosifiwa na wageni.

Mwisho ni vanishi, na Singida ni mkoa wa upepo na vumbi. Inapigwa asubuhi mapema, sakafu imenyunyizwa maji, madirisha yamefungwa, watoto wamefukuzwa.

"Mama, leo mpikie nje."

"Mpaka lini, fundi?"

"Mpaka kesho. Na kwenye bei usiniambie ni rangi tu."

Mama akacheka, akasema watazungumza. Walizungumza kweli, kwa muda mrefu kuliko ilivyochukua kupiga vanishi.