Maji Yaliyolala

Nyumbani kwetu Waberi, mjini Garissa, nanaa haipandwi kwa mbegu. Hukatwa tawi, likatiwa ndani ya gilasi ya maji, na baada ya wiki moja hivi huwa na mizizi myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Wembe tunao, gilasi tunazo, tawi jirani hakunyimi. Swali la Garissa ni maji gani.

Maana maji yanayofika mlangoni kwetu si ya aina moja. Yapo ya mfereji, yanayonukia dawa. Yapo ya Tana, yanayoletwa kwa mkokoteni wa punda yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Yapo ya visima vya mbali na mto, ambayo mara nyingi ulimi huyajua kabla ya jicho. Na zipo siku chache za neema, mvua za misimu yetu miwili, gu na deyr, zinapokubali, tunapokinga maji ya mabati kwa kila sufuria iliyomo ndani. Bibi yetu, ambaye sote tulimwita ayeeyo, aliyajua maji haya moja moja kwa tabia yake, kama mfugaji anavyowajua ngamia wake. Aliponituma kuteka maji ya matawi yake alisema hivi: "Mwanangu, niletee yaliyolala."

Yaliyolala ni yale yaliyokesha mtungini. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu ni mambo mangapi yamo katika neno hilo moja. Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo hutoweka kidogo kidogo maji yakiachwa wazi. Maji ya mto nayo yakitulia, tope huzama, ukateka ya juu kwa kata bila kuyaamsha ya chini. Kisha kuna mtungi wenyewe. Udongo wake hutoka jasho, jasho hukauka kwa upepo, na maji ndani hupoa.

Hili la tatu ndilo ninalolistaajabia zaidi. Tawi lililokatwa lingali likipumua, na ile sehemu iliyozama haina hewa nyingine ila oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji ya nyuzi joto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi 7 na nusu hivi. Joto hilohilo hulifanya tawi lihitaji hewa zaidi, na bakteria nao huongezeka upesi. Niliwahi kutia rihani katika maji ya jerikeni lililoshinda juani. Kufikia siku ya tatu shina lilikuwa limelainika, linanuka uvundo. Ayeeyo alibadilisha maji ya gilasi zake kila baada ya siku mbili, akishaswali Alfajiri, saa ambayo mtungi ni baridi kuliko wakati wowote. Waberi kwa Kisomali ni mapambazuko, na kila nikifikiri juu ya mji wetu huona ule mkono wake ukiinamisha kata katika mwanga hafifu.

Maji ya chumvi aliyakataa kabisa. Aliyatambua kwa ncha ya ulimi, na palipokuwa na shaka aliuliza birika ya nyumba ile ina ukoko kiasi gani. Chumvi ikizidi nje ya shina, maji hayaingii kwa urahisi, na ikizidi sana huyatoa hata yaliyomo ndani. Tawi hunyauka kwa kiu huku limesimama majini.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za John Woodward, Mwingereza aliyeyapa matawi ya nanaa maji mbalimbali mwaka 1691: ya chemchemi, ya mvua, ya mto Thames. Aliyaacha siku 77, akayapima uzito. Matokeo aliyachapisha mwaka 1699: nanaa ya maji ya mto ilikuwa imeongezeka kupita zile nyingine. Zamani hizo wengi waliamini kwamba mmea hujengwa kwa maji matupu. Yeye akasema kuna kitu cha ardhini kilichomo majini kinachoulisha. Nilihuzunika kidogo. Je, ayeeyo alikuwa akituzuia bure tusitumie tope la Tana, mto unaoshuka na udongo kutoka Nyandarua na Mlima Kenya?

Nilirudi kwenye gilasi, nikatazama. Woodward alipima ukuaji wa siku nyingi. Ayeeyo alikuwa akiutafuta mzizi wa kwanza. Tawi lisilo na mizizi bado halijapata kinywa. Huishi kwa akiba ya shina na majani yake, na homoni iitwayo auksini, itokayo kwenye vichipukizi vya juu, huteremka hadi karibu na kifundo na kuuamsha mzizi. Ndiyo maana tunakata chini kidogo ya kifundo na kuyang'oa majani yatakayozama. Wakati huo tope halimlishi yeyote isipokuwa bakteria. Maji ya mvua, au ya mto yaliyolala, ndiyo bora, kwa sababu hayana mengi ya kumletea mgeni ambaye bado hawezi kula.

Mizizi ikifika urefu wa pingili mbili za kidole, siicheleweshi, kwa kuwa mizizi iliyolelewa majini ni laini na hukatika kwa kuguswa. Naihamishia kwenye karai kuukuu lenye mchanga wa mtoni na samadi ya mbuzi, nalifunika kwa kanga mbichi mchana wa kwanza. Kisha naurudia mtungi. Safari hii naingiza kata hadi chini, nayakoroga mpaka yawe na rangi ya Tana, ndipo namimina.