Katiba, Chuo Kikuu na Lugha ya Maadhimisho

Tarehe 27 Agosti 2025 Katiba ya Kenya ilitimiza miaka 15 tangu kutangazwa rasmi. Serikali iliamuru siku hiyo iadhimishwe kila mwaka kuwa Siku ya Katiba, si kwa mapumziko bali kwa elimu ya uraia. Wajibu huo unavihusu vyuo vikuu moja kwa moja. Swali linalomkabili mhakiki wa lugha ni hili: elimu hiyo itolewe kwa lugha gani, na lugha hiyo ipewe kazi gani?

Katika maadhimisho mengi ya kitaifa Kiswahili hupewa salamu za ufunguzi, shairi la kughaniwa na wimbo wa kwaya. Ifikapo zamu ya mhadhara, Kiingereza hushika nafasi. Kwa mgawanyo huo Kiswahili hufanywa lugha ya pambo, na Kiingereza lugha ya hoja.

Mgawanyo huu una historia. Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike katika mijadala ya Bunge, lakini sheria zenyewe ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Wabunge walijadili kwa lugha moja maandishi yaliyokuwa katika lugha nyingine. Mwaka 1979 Kiingereza kilirejeshwa katika mijadala sambamba na Kiswahili.

Katiba ya 2010 haikuumaliza utata huo. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, Kifungu cha 259(2) kinaeleza kwamba matini za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Ilhali matini hiyo hiyo ya Kiingereza, inapozitaja sikukuu za taifa katika Kifungu cha 9, inazitaja kwa maneno ya Kiswahili: Madaraka, Mashujaa, Jamhuri.

Yawezekana kudai kwamba mahakama haina budi kuwa na matini moja ya kutegemewa. Dai hilo lina uzito, lakini linahusu hukumu, wala halihusu elimu. Mwanafunzi hafundishwi Katiba ili ashinde kesi tu. Hufundishwa ili aielewe na aweze kuieleza nyumbani kwao, na huko mara nyingi Kiingereza hakifiki.

Fauka ya hayo, Kiswahili kina maswali yake ambayo Kiingereza hakiyaibui. Neno raia lina asili ya Kiarabu, na huko lilimaanisha kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Mwananchi ni mwana wa nchi. Kifungu cha 1 kinayaweka mamlaka yote makuu mikononi mwa watu wa Kenya. Je, anayepewa elimu ya uraia anafundishwa kutii au kumiliki? Ni kweli kwamba leo raia halina tena maana ile ya kale. Lakini mwanafunzi anayeifahamu safari ya neno hilo atakuwa amefahamu pia safari ya watu kutoka kutawaliwa hadi kujitawala. Vivyo hivyo, neno haki linajumuisha kile ambacho mtu anastahili kudai na pia uadilifu katika kutoa hukumu. Asomaye Sura ya Nne kwa Kiswahili hana budi kupima kila mara ni maana ipi inayokusudiwa.

Kazi hii ni ya idara za Kiswahili, wala haifai kuachiwa idara za sheria peke yake. Inafaa matini hizo mbili zisomwe sambamba darasani, kifungu kwa kifungu, na kila tafsiri inayolegea ionyeshwe na isahihishwe. Chuo kitakachofanya hivyo kitakuwa kimeadhimisha Katiba yenyewe. Kitakachotosheka na shairi la ufunguzi kitakuwa kimeadhimisha tarehe tu.