Khanga si Kitambaa: Kuisoma Soul to Soul Nikiwa Tarime

Wengi wanaotafuta mababu zao Warusi huwatafuta watu waliotoka: waliokimbia Mapinduzi ya 1917 wakaishia Paris, Harbin au New York. Kitabu cha Yelena Khanga, Soul to Soul (1992), alichokiandika pamoja na Susan Jacoby, kinakwenda njia ya kinyume. Wazee wake waliingia Urusi wakitokea nje, halafu mjukuu akatoka Moscow kuwatafuta jamaa walioachwa nyuma. Na baba yake ni Mtanzania. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kitabu hiki ni chetu pia, ingawa jalada lake halisemi hivyo.

Tuanze na jina. Baba ni Abdullah Kassim Hanga wa Zanzibar. Warusi hawana H kama yetu; jina liliandikwa kwa herufi yao ambayo, ikirudishwa kwenye herufi zetu, huandikwa Kh. Hanga akaingia Moscow, binti akatoka akiwa Khanga. Sasa hebu jaribu kulitafuta jina hilo mtandaoni kwa Kiswahili: utaletewa doti za vitambaa! Inachekesha, lakini kila anayefuatilia ukoo anajua kwamba mtu anaweza kupotea kwa herufi moja tu.

Upande wa mama ndio ulioandikwa kwa nguvu zaidi. Babu, Oliver Golden, alikuwa Mmarekani mweusi wa Yazoo, Mississippi, mtoto wa Hilliard Golden, aliyezaliwa mtumwa akaja kumiliki ardhi yake mwenyewe. Bibi, Bertha Bialek, alikuwa Myahudi kutoka Warsaw aliyehamia New York. Mwaka 1931 wawili hao walikwenda Uzbekistan na kundi la wataalamu weusi wa kilimo, kusaidia zao la pamba. Huko Tashkent ndiko alikozaliwa Lily, mama yake Yelena, mwaka 1934. Ndugu za Bertha walimtenga kwa sababu ya kuolewa na mtu mweusi. Yelena anapokwenda kuwatafuta jamaa hao Marekani, anajua kabisa kwamba anabisha hodi kwa watu waliomfungia bibi yake mlango. Hapo kitabu kinanishika. Hakiwageuzi jamaa hao kuwa mashetani, wala hakijifanyi kwamba hakuna kilichotokea.

Huku kwetu Tarime mambo ya ukoo si ya makabrasha. Ukimwambia mzee pale Sirari kwamba wewe ni Mkira, atakuunganisha na watu walio ng'ambo ya mpaka, maana Wakira, Wairege na Wanyabasi wako Kenya na Tanzania. Historia za Wanata, Waikoma, Waishenyi na Wangoreme wa Serengeti nazo zina watu waliohama, wakatawanyika kwa njaa, magonjwa na vita, wakajikusanya upya. Jan Bender Shetler alikusanya maandishi ya wazee wa Mara ya kusini katika Telling Our Own Stories (2003). Baadaye, katika Claiming Civic Virtue (2019), akaonyesha jambo ambalo wengi wetu tunalijua ila hatulisemi: wanaume husimulia kabila na koo, wanawake hubeba kumbukumbu za mahusiano, nani ameolewa wapi na nani ni shangazi wa nani. Mwanamke anahama kwenda kwa mumewe, na kwa kuhama kwake anajua barabara zote mbili.

Ukiisoma Soul to Soul kwa jicho hilo unaiona vizuri zaidi. Uzi wote umeshikwa na wanawake: Bertha, Lily, Yelena. Oliver alifariki mwaka 1940, Lily akiwa bado mtoto. Hanga naye hakubaki Moscow. Wanaume wanatoa majina, wanawake wanatunza habari.

Lawama yangu sasa. Jina la pili la kitabu, kwa Kiswahili chetu, ni hadithi ya familia ya watu weusi wa Urusi na Marekani, 1865 hadi 1992. Angalia miaka hiyo. 1865 ni mwaka wa mwisho wa utumwa Marekani. 1992 ni mwaka wa kuchapishwa kitabu, Umoja wa Kisovyeti ukiwa umeshavunjika. Zanzibar haimo kwenye jina wala kwenye kalenda. Naelewa: mchapishaji alikuwa New York, na mtoto aliyezaliwa 1962 hakupata muda wa kumjua baba yake. Lakini Hanga si mtu wa pembeni. Alikuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar kwa miezi michache ya mwaka 1964, kabla ya Muungano, kisha akawa waziri katika serikali ya Muungano. Mwaka 1969 alitolewa bara, akakabidhiwa kwa serikali ya Karume, akauawa bila kesi ya wazi.

Na aliyekuwa Rais wakati anakabidhiwa ni Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mkoa huu huu. Hapa Mara sentensi hiyo ni nzito kuitamka. Tunampenda Mzee, na sababu tunazo. Ila anayesoma habari za mtoto anayemtafuta baba hawezi kuruka ukurasa kwa sababu aliyemkabidhi baba ni wa kwetu. Wazee wetu wanaposimulia koo husema pia nani aligombana na nani, na nani alitolewa kwa nani. Ukoo unaosimulia mazuri tu, wenzake hawauamini.

Kwa hiyo kisomeni, halafu mtafute pia My Long Journey Home ya mama yake, Lily Golden. Vitabu hivyo viwili vimefanya kazi kubwa kwa Mississippi, New York na Tashkent. Upande wa Unguja bado unamdai mwandishi wa Kiswahili, mtu atakayekaa na akina bibi na mashangazi na kuwauliza, sio kuhusu siasa kwanza, bali nani alikuwa nani wa nani. Wanaokumbuka wanazeeka. Kwenye kazi hii, haraka si mbaya.