Heko kwa sonara anayeifufua pete

Kumpa sonara pete ya marehemu bibi na kumwomba aifanye upya ni kumkabidhi amana. Sonara mwema huipima mbele yako, kisha huitafuta sehemu iliyowahi kulehemiwa na kuikata, maana lehemu kuukuu ikiyeyuka pamoja na dhahabu huweza kuifanya ipasuke inapofuliwa.

Kisha huja suala la rangi. Dhahabu tupu, ya karati 24, ni ya manjano na laini mno. Ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, na rangi huamuliwa na zile 250 zilizobaki. Shaba ikizidi huwa nyekundu, fedha ikizidi huelekea kijani, paladi huifanya nyeupe. Mwaka 1924 masonara wa Cartier wa Paris walifungamanisha pete tatu za rangi tatu kuwa pete moja, na hadi leo inavaliwa.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kuunganisha rangi hizo. Kila rangi huvutwa iwe waya, nyaya husokotwa, kisha hushikwa kwa lehemu inayoyeyuka kabla ya dhahabu yenyewe. Moto ukizidi kidogo tu, zote huwa donge. Na ile nyekundu haiachwi ipoe polepole. Huzamishwa majini ingali moto, la sivyo hukakamaa na kupasuka.

Ujira wa mkono unaojua haya yote, ambao wengi wetu huubishania, mimi nauona halali kabisa. Hongera hasa kwa masonara wanaokubali kazi hii ngumu, badala ya kukushawishi uiuze ya bibi kwa uzito na ununue mpya.