Jinsi Adui Anavyofichwa katika Mchezo wa Vita vya Baharini wa Mtu Mmoja

Mchezo wa mezani wa vita vya baharini huchezwa kwa ramani iliyogawanywa katika vyumba, kwa kawaida vya pembe sita, kete za karatasi ngumu zinazosimama badala ya manowari au vikosi vizima, dadu, majedwali na kitabu cha kanuni. Lengo lake ni kumweka mchezaji mbele ya uamuzi uliowahi kumkabili kamanda halisi: aelekeze meli wapi, arushe ndege saa ngapi, apigane au ajiondoe. Mingi ya michezo hii ilibuniwa kwa watu wawili, lakini mara nyingi huchezwa na mtu mmoja, na ugumu huanzia hapo. Katika vita vya nchi kavu mchezaji wa pekee anaweza kuzunguka meza, akacheza pande zote mbili kwa uaminifu na bado akapata mchezo wa maana, kwa kuwa mstari wa mbele unaonekana na kila upande. Vita vya baharini kwa sehemu kubwa ni kutafutana. Aliyeziweka kete za pande zote mbili kwa mkono wake hana tena cha kutafuta.

Pwani ya Afrika Mashariki inatoa kielelezo kizuri. Tarehe 20 Septemba 1914 kruza ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikatoweka. Ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, na Waingereza hawakuigundua mpaka tarehe 30 Oktoba, ilipoonwa na kruza yao Chatham. Tangu siku hiyo swali lilikuwa moja tu, namna ya kuifikia kwa mizinga, na jibu lilipatikana Julai 1915. Mtu mmoja akipewa kete ya Königsberg na kete za wawindaji wake, zote zikiwa wazi mezani, wiki zile karibu sita za msako hufutika katika zamu ya kwanza. Kilichobaki ni hesabu ya mizinga, ambayo ndiyo sehemu isiyo na mvuto.

Vyuo vya kijeshi vililitatua tatizo hili kwa kumtumia mwamuzi. Katika Chuo cha Vita vya Majini cha Marekani huko Newport, ambako William McCarty Little alianzisha michezo hii miaka ya 1880, pande mbili zilitenganishwa, na waamuzi peke yao ndio walioiona hali yote. Huko Liverpool, mwaka 1942, Gilbert Roberts wa Jeshi la Majini la Uingereza aliongoza kitengo kilichochunguza mbinu za nyambizi za Kijerumani kwa mchezo uliochezwa sakafuni. Maofisa walioamuru meli za ulinzi walichungulia kupitia matundu ya pazia, na njia ya nyambizi ilichorwa kwa chaki ya kijani ambayo hawakuweza kuiona kutoka walipokaa. Michezo ya madukani haikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Bismarck ya mwaka 1962 na Midway ya mwaka 1964, zote za kampuni ya Avalon Hill, zilimpa kila mchezaji ubao wake wa msako, na wapinzani waliulizana mahali kwa mahali kama kuna meli. Ni utaratibu mzuri kwa wawili. Kwa mmoja, maswali hayo yanakosa wa kuyajibu.

Njia rahisi ya kutoka hapo ni kuchagua vita ambavyo adui hahitaji kuwa na akili ya kupanga. Ndivyo ilivyofanyika katika The Hunters ya Gregory M. Smith, iliyotoka mwaka 2013. Mchezaji ni kapteni wa nyambizi ya Kijerumani kati ya 1939 na 1943. Hupewa eneo la doria, husogea chumba baada ya chumba, na katika kila kituo dadu huamua kama amekutana na meli ya shehena, msafara unaolindwa, ndege au maji matupu. Adui hafichwi mahali popote, kwa maana hayupo mpaka dadu limlete. Uamuzi wa mchezaji ni mchache lakini una uzito: asogee karibu ili topido zipate shabaha, au abaki mbali ili meli za ulinzi zisimgundue, atumie topido ya mvuke, au ya umeme ambayo katika miezi ya mwanzo ya vita ilishindwa kulipuka mara nyingi. Ubora wa mchezo huu uko katika majedwali yanayobadilika kadiri miaka inavyosonga. Nyambizi iliyovuka Ghuba ya Biscay mwaka 1940 bila kusumbuliwa huvuka eneo lile lile mwaka 1943 chini ya ndege za doria, na kapteni aliyejizoesha ushindi huanza kuuona mwisho. Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi 41. Hata hivyo mchezo huu haufundishi jinsi kikosi kinavyoongozwa. Unasimulia maisha ya chombo kimoja, na husimulia vizuri.

Adui anapokuwa kikosi kizima chenye nia yake, majedwali ya kukutana hayatoshi. Jon Southard, katika Carrier ya mwaka 1990, alichukua Pasifiki ya Kusini ya mwaka 1942 na 1943, akampa mchezaji upande wa Wamarekani, na kuviacha vikosi vya Wajapani viwe kete zisizojulikana zinasimama badala ya nini. Ndege za doria zikizipata, kete hufunuliwa kwa hatua: kwanza habari hafifu, kisha ukubwa wa kikosi, kisha meli zenyewe. Kete iliyoogopwa huenda ikawa bure, na ile iliyopuuzwa ikawa na manowari za kubeba ndege. Kanuni za kuwaendesha Wajapani ni nzito na zinadai uvumilivu, lakini wasiwasi wa kurusha mashambulizi kwa habari isiyokamilika umebaki ulivyokuwa.

Suluhisho lililofika mbali zaidi ni la Jeremy White katika Atlantic Chase, iliyochapishwa na GMT Games mwaka 2020. Humo kikosi kilicho safarini hakiwekewi kete mahali kilipo. Kinawakilishwa na mstari wa vipande vya mbao unaopita juu ya ramani, na kipo mahali fulani kwenye mstari huo pasipo mtu kujua ni wapi, hata yule anayekiamuru. Mistari yote iko wazi mezani. Mchezaji anayemsaka adui huchagua mahali pa kuukata mstari wake, hutupa dadu, na akifaulu mstari hufupishwa, pengine ukabaki nukta moja. Kwa kubadili hivyo jinsi ya kuonyesha mahali, White aliondoa hitaji la kuficha. Macho ya mchezaji wa pekee yanaweza kutazama kila kitu na bado yasijue.

Faida yake huonekana wazi katika msako wa manowari ya Kijerumani Bismarck. Baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza Hood tarehe 24 Mei 1941, Bismarck iliwapotea Waingereza alfajiri ya tarehe 25, na haikuonwa tena mpaka ndege ya Catalina ilipoipata tarehe 26 saa nne na nusu asubuhi. Katika muda huo wa zaidi ya saa 30, Admirali Tovey wa Uingereza alielekea kaskazini mashariki kwa sababu ya vipimo vya redio vilivyochorwa vibaya kwenye ramani, huku Bismarck ikikimbilia Ufaransa. Mchezo wa kete zilizo wazi hauwezi kuzaa kosa kama hilo, kwa sababu hakuna atakayeipa kisogo meli anayoiona. Mstari mrefu unaliruhusu: mchezaji hukata pale panapoonekana kuwa na maana, hukosa, na saa zinaendelea kupita.

Michezo ya watu wawili isiyo na zana hizi inaweza kurekebishwa kwa mtu mmoja. Kwa kila kikosi cha adui huandaliwa kete tatu zilizogeuzwa, moja ya kweli na mbili za bure, zinazochanganywa kikombeni na kupangwa kwenye njia tofauti, na hazifunuliwi mpaka ndege au rada izifikie. Mpango wa adui huchaguliwa kwa dadu kati ya miwili au mitatu iliyoandikwa mapema. Kanuni yenye manufaa makubwa zaidi, ingawa wengi huiruka, ni kuandika amri zamu moja kabla, ili habari iliyopatikana sasa isitumike mpaka zamu ijayo. Katika vita vya kisiwa cha Midway, tarehe 4 Juni 1942, Admirali Nagumo wa Japani aliagiza ndege zake ziandaliwe kwa shambulio la pili la kisiwa bila kujua kwamba manowari za Kimarekani za kubeba ndege ziko karibu. Ndege ya doria ya kruza Tone, iliyochelewa kuruka, ndiyo iliyoleta habari hiyo. Anayecheza upande wa Nagumo huku akijua ilipo Enterprise, mojawapo ya manowari hizo, hataitoa amri ile kamwe, isipokuwa iwe imekwisha kuandikwa.

Vikosi vikishaonana mchana, kuficha hakuna kazi tena, na mapigano huchezwa wazi kwa pande zote mbili. Usiku ni jambo jingine. Huko Tassafaronga, katika kisiwa cha Guadalcanal cha Pasifiki ya Kusini, tarehe 30 Novemba 1942, Wamarekani walikuwa na rada na waliwaona Wajapani kwanza, lakini topido za Wajapani zilizipiga kruza nzito nne za Wamarekani na kuizamisha mojawapo, Northampton. Tokyo Express, mchezo mwingine wa Southard, wa mwaka 1988, ulijengwa juu ya mapigano ya aina hiyo karibu na Guadalcanal. Mchezaji huamuru meli za Kimarekani, na za Kijapani huendeshwa na kanuni. Katika mchezo wowote wa usiku unaorekebishwa kwa mtu mmoja, kila meli hutupiwa dadu la kuonekana kabla ya kufyatuliwa mzinga, na mwelekeo wa topido huandikwa kabla mlengwa hajasogezwa, ili aliyezifyatua na anayezikwepa, ambao ni mtu mmoja, wasipeane habari.