Mwalimu wa Ngoma wa Gishora

Antime Baranshakaje, mkuu wa wapiga ngoma wa Gishora karibu na Gitega nchini Burundi, hakufundisha kwa noti, lakini alikuwa mwalimu kamili. Ushahidi umo katika mpangilio wenyewe: ngoma, idadi yake daima witiri, hupangwa nusu duara, inkiranya iliyo katikati huongoza, amashako hushikilia mdundo usiokatika, ibishikizo huifuata inkiranya. Kijana asiyefunzwa kuwasikiliza wenzake huwaharibia wote. Wapo wasemao hiyo ni damu tu, kwa kuwa ufundi huu ulirithiwa katika koo maalumu. Lakini damu haimfundishi mtu lini anyamaze, na hilo, hata mwalimu wa piano atakubali, ndilo somo gumu. Tena leo ngoma husikika kwenye sherehe hadi Muyinga, mbali na koo za Gishora. Kilichosafiri ni mafunzo. Hoja kwamba amri ya 2017 ya kuwakataza wanawake kupiga ngoma inalinda asili siikubali: inawapunguzia walimu wanafunzi. UNESCO iliuorodhesha urithi huu mwaka 2014, na heshima ile, kwa haki, ilikuwa ya walimu.